Injini iliyolazwa chini: treni ya sumaku na gati la Mwanza Kusini

Kuna jambo bandarini Mwanza Kusini ambalo sichoki kulitazama. Kichwa cha treni kinasukuma mabehewa taratibu kuelekea majini, mtu aliyesimama pembeni anapunga mkono, na mabehewa yanapita juu ya daraja fupi la chuma na kuingia melini yakiwa na mzigo wake kama yalivyotoka Dar es Salaam. Hakuna gunia lililoshushwa wala kuli aliyeinama. MV Umoja ina reli sakafuni, na upana wa reli hizo ni mita moja, sawasawa na zile za nchi kavu, kwa hiyo behewa halijui kwamba limetoka kwenye udongo na sasa liko juu ya maji. Likifika Port Bell, Uganda, linatolewa na kuendelea na safari kwenye reli ya upana huohuo.

Nilikuwa hapo na mpwa wangu anayesoma uhandisi. Alitazama kidogo, kisha akasema, "Mjomba, sisi simu za mezani tuliziruka. Bibi hajawahi kuwa na simu ya waya maishani mwake, na leo ana simu mkononi anatuma pesa. Kwa nini na reli tusiruke? Tuache hizi za chuma, twende moja kwa moja kwenye treni ya sumaku, ile inayoelea bila kugusa njia, kama Wajapani."

Swali hilo nimekuwa nalo tangu siku ile. Nalisikia pia kwa wengine, vijana wenye akili na wanaoipenda nchi yao, na nadhani wanastahili jibu kamili. Kuwaambia "sisi ni maskini" si jibu. Jibu langu ni kwamba treni ya sumaku ni kazi nzuri ya akili ya binadamu, inafanya kazi, na bado haitufai. Kasoro yake inayotuhusu haiko kwenye sumaku. Iko kwenye njia.

Sumaku anaijua kila mtoto aliyewahi kuvunja spika ya redio. Ukizielekeza ncha zinazofanana zinakimbiana, ukigeuza moja zinarukiana. Treni hizi ziko za koo mbili, na kila ukoo umechukua tabia moja. Wajerumani walichukua kuvutana. Mhandisi wao Hermann Kemper alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1934, na miongo kadhaa baadaye likazaa treni iitwayo Transrapid. Mikono ya treni hiyo inakumbatia kingo za njia kwa chini, na sumaku-umeme zilizomo mikononi zinavutwa kwenda juu, kuelekea chuma cha njia, hadi treni nzima inanyanyuka. Nafasi inayobaki ni sentimita moja hivi. Ugumu ni kwamba sumaku ikisogea karibu inavuta zaidi, na ikisogea mbali inalegea, kwa hiyo ikiachwa yenyewe ama itanata ama itaachia. Ndiyo maana kuna kompyuta inayopima nafasi hiyo bila kupumzika, ikiongeza na kupunguza umeme.

Wajapani walichukua kusukumana. Msingi wa njia yao uliandikwa na Wamarekani wawili, James Powell na Gordon Danby, katika miaka ya 1960. Inasimuliwa kwamba Powell alipata wazo akiwa amekwama kwenye foleni ya magari New York. Ndani ya treni kuna sumaku za nyaya zilizopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo umeme unapita bila ukinzani wowote, na sumaku inakuwa na nguvu za ajabu. Treni inapokimbia, sumaku hizo zinaamsha umeme kwenye nyaya zilizopangwa ukutani mwa njia, na umeme huo unaisukuma treni juu sentimita kumi. Wameitaka nafasi hiyo kubwa kwa sababu nchi yao haiishi matetemeko ya ardhi. Lakini nguvu hiyo inatokana na mwendo, kwa hiyo chini ya kilomita 150 kwa saa treni inakwenda kwa magurudumu ya mpira, mithili ya ndege inayojiandaa kuruka. Tarehe 21 Aprili 2015, kwenye njia ya majaribio ya Yamanashi, ilifika kilomita 603 kwa saa. Hakuna treni nyingine yenye watu ndani iliyowahi kufika hapo.

Kunyanyuka, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Treni isiyogusa chini haina gurudumu la kuisukuma mbele, sasa inakwendaje?

Fikiria mota ya mashine ya kusaga unga. Ndani yake kuna sehemu tuli iliyosukwa nyaya, na katikati kuna sehemu inayozunguka. Ichukue ile iliyosukwa nyaya, ikate kwa msumeno, ikunjue, uilaze chini kama mkeka. Endelea kuinyoosha hadi inakotakiwa safari iishe. Ile sehemu ya katikati haina tena pa kuzunguka, inateleza mbele juu ya mkeka, na huo ndio mwendo wa treni. Mwingereza Eric Laithwaite alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuipigania mota hiyo iliyonyooshwa.

Hapo ndipo ninapotaka mpwa wangu asimame na kufikiri. Kwenye SGR, reli yetu mpya ya umeme, injini inasafiri pamoja na abiria. Reli ni chuma tu juu ya mataruma, imelala kwenye kokoto, na waya wa umeme juu yake. Ukitaka kuongeza safari unanunua treni nyingine. Kwenye treni ya sumaku ya mwendo mkubwa, injini imelazwa njiani. Unainunua kwa kilomita, yote, kabla ya abiria wa kwanza kukata tiketi, na vituo vya kuilisha umeme kipande kwa kipande unavijenga njia nzima.

Kati ya Tokyo na Nagoya ni kilomita 286. Wajapani wana treni za kasi kwenye ukanda huo tangu mwaka 1964, zinapishana kila baada ya dakika chache na watu wamejaa. Injini iliyolazwa pale ingefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku. Sasa ilaze kati ya Manyoni na Tabora, kwenye miombo, ambako treni zinapita chache kwa siku. Saa nyingi za siku, mali ya mabilioni ingekuwa imelala juani ikingoja.

Tazama pia pesa. Njia ya Shanghai, ya ukoo ule wa Wajerumani, inayotoka kituo cha Longyang Road hadi uwanja wa ndege wa Pudong, ni ya kilomita 30 na ushee na iligharimu yuan bilioni 10 hivi, karibu dola bilioni 1.2 za wakati ule. Ilianza kubeba abiria kibiashara mwaka 2004 ikikimbia kilomita 431 kwa saa. Mwaka 2021 nchi yetu ilisaini mkataba wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishania, kwa shilingi trilioni 3.06, ambazo kwa thamani ya siku hiyo ni dola bilioni 1.3 hivi. Miaka si ileile, vibarua hawalipwi sawa, na ardhi ya Shanghai ni tope wakati ya kwetu ni mawe, kwa hiyo sisemi huu ni mzani wa dukani. Lakini tofauti ya kilomita 30 na kilomita 341 haifutwi na maelezo hayo. Kilomita 30 kutoka mjini kwetu hujafika Misungwi.

Mpwa wangu alijibu kwamba muda ni mali, na kasi inalipa. Ni kweli, basi tuupige hesabu huo muda. Kwa reli, Mwanza hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,219. Treni ya zamani inakula usiku mbili. Treni ya kilomita 160 kwa saa, bila kuhesabu vituo, ingetumia saa saba na dakika 40 hivi. Ya kilomita 500 ingetumia saa mbili na nusu. Hatua ya kwanza, kutoka reli ya zamani kuingia SGR, inamrudishia msafiri zaidi ya siku nzima: anapanda asubuhi, analala Dar. Hatua ya pili inamrudishia saa tano. Saa tano ni nyingi, sizidharau, ila anayeziuza anaziuza kwa bei kubwa kuliko ile siku nzima, na ndege ya kutoka Ilemela inaziuza tayari bila kulaza chochote ardhini.

Kuna na upepo. Watu wengi hudhani treni ikiacha kugusa chini imeokoa nishati nyingi sana. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo mno, ndiyo maana kichwa kimoja kinavuta mabehewa ambayo malori mengi yangehitajika kuyabeba. Kwenye kasi kubwa anayekula umeme ni hewa. Kasi ikiongezeka mara mbili, hewa inakaza mara nne. Kutoka kilomita 160 hadi 500 kwa saa ukinzani wa hewa unapanda karibu mara kumi, na sumaku haina la kufanya hapo. Mvuvi wa Kirumba anayepiga kasia dhidi ya upepo wa ziwa hahitaji kuonyeshwa hesabu hii.

Tena mji huu haukui kwa abiria peke yao. Pamba, mafuta, saruji, mpunga, samaki, vyuma vya kujengea meli, hivyo ndivyo vinavyoufanya uwe mji. Reli ya SGR imesanifiwa kubeba tani 35 kwa ekseli na treni ya mizigo ya hadi tani 10,000. Treni za sumaku zinazofanya biashara leo, kutoka ile ya Shanghai hadi ile ndogo ya Linimo karibu na Nagoya iliyoanza mwaka 2005, zinabeba watu na mabegi yao.

Nirudi kwenye simu ya bibi, maana hoja ya mpwa wangu imesimama hapo, na ni hoja yenye nguvu. Mnara wa simu ukijengwa Sengerema unaanza kazi siku unapowashwa, hata kama mnara wa Geita haujajengwa. Jambo kubwa zaidi ni kwamba simu ya mkononi tangu siku ya kwanza iliweza kuipigia simu ya mezani. Tuliuruka waya, mazungumzo hatukuyaruka. Simu mpya ilikuja ikiwa inaelewana na ya zamani, ikaishi nayo nyumba moja, na ya zamani ikaondoka polepole bila ugomvi. Laiti simu ya mkononi ingekuwa inaongea na za mkononi tu, bibi asingeinunua, kwa sababu ofisi zote alizozihitaji zilikuwa na za mezani.

Treni ya sumaku haiwezi kuingia kwenye reli yoyote iliyopo duniani. Haiwezi hata kuingia kwenye njia ya sumaku ya ukoo mwingine: ya Shanghai na ya Yamanashi hazipeani njia. Inapoishia njia yake, dunia yake imeishia hapo. Wafaransa walipoanzisha TGV, treni yao ya kasi ya magurudumu, kati ya Paris na Lyon mwaka 1981, treni ilikimbia kwenye njia mpya porini, halafu ikiukaribia mji inaingia kwenye reli za zamani na kusimama kwenye stesheni ileile ya katikati. Hawakuhitaji kubomoa nusu ya Paris. Kwetu nako SGR ilianza kubeba watu Dar hadi Morogoro Juni 2024, ikaongezwa Dodoma Julai hiyohiyo, wakati huku Fela na Misungwi tuta lilikuwa bado linashindiliwa. Kila kipande kinaanza kazi kikiwa tayari, huku kikingoja ndugu zake.

Tazama yaliyozipata nyingi za sumaku. Uingereza iliweka moja ndogo uwanja wa ndege wa Birmingham mwaka 1984, mita 600 tu, na mwaka 1995 ikafungwa kwa kuwa vifaa vyake vilichakaa na ilikuwa tabu kupata vingine: haikuwa na ndugu wa kumwazima spea. Ujerumani yenyewe, wenye Transrapid, walipanga kuunganisha stesheni kuu ya Munich na uwanja wa ndege, gharama ikapanda kutoka euro bilioni 1.85 kupita bilioni 3, na Machi 2008 wakaacha. Korea Kusini iliweka yake Incheon mwaka 2016 na ikasimama mwaka 2022.

Japani wanaendelea, na kilichowachelewesha kinapaswa kutugusa sisi watu wa ziwa kuliko hadithi zote za kasi. Njia ya Tokyo hadi Nagoya, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2014, karibu asilimia 86 yake inapita kwenye mahandaki, kwa sababu treni ya kasi ile haiwezi kukata kona kali. Handaki moja linapita chini ya milima ya mkoa wa Shizuoka, ambako mto Oi una chanzo chake. Wakazi wa bondeni wanakunywa maji hayo na kumwagilia mashamba nayo. Waliuliza swali dogo: mkitoboa mlima, maji yetu yataelekea wapi? Gavana wa mkoa wa wakati huo, Heita Kawakatsu, alikataa kuruhusu kazi kwa miaka, na Machi 2024 kampuni ya reli ikatangaza kwamba lengo la kufungua mwaka 2027 haliwezekani tena. Wapo waliomwona mkaidi. Mimi niliyekulia kando ya ziwa, nikiona mto Mirongo unavyoingia ziwani na kila tulichoutupia, namwelewa. Mkoa ambao treni ingeupita chini kwa chini bila hata kusimama una haki ya kuuliza habari za maji yake.

Nigusie na ajali ya Lathen, Ujerumani, tarehe 22 Septemba 2006. Transrapid ilikuwa kwenye njia ya majaribio, ikagonga gari la matengenezo lililokuwa bado limesimama njiani, na watu 23 wakafa. Sumaku zilifanya kazi yake vizuri. Aliyekosekana ni mtu wa kuhakikisha njia iko wazi kabla ya kuruhusu treni. Sisi tuliomzika nani na nani baada ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na tena baada ya MV Nyerere kule Ukara Septemba 2018, hatuhitaji kukumbushwa kwamba chombo huua zaidi kwa namna kinavyoendeshwa na kupakiwa kuliko kwa namna kilivyobuniwa. Kila ninapoona teknolojia mpya, macho yangu yanamtafuta kwanza yule wa pembeni anayepunga mkono.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Nikisema kosa la treni ya sumaku ni kutoelewana na njia nyingine, haki inanidai nigeuze jicho upande wetu, kwa sababu SGR nayo ina kidonda hicho, japo kidogo. Upana wake ni milimita 1,435. Reli ya zamani, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928, ni milimita 1,000. Sababu za kuchagua upana mkubwa zipo na nazikubali: uzito, kasi, uthabiti kwenye kona. Lakini reli za MV Umoja ni za milimita 1,000, na za Uganda tunakopeleka mzigo pia.

Majirani zetu Kenya wamekwisha kutuonyesha namna pengo la aina hii linavyouma. SGR yao ilifika Nairobi mwaka 2017, mwaka 2019 ikasogea hadi Suswa, karibu na Naivasha, kisha ikasimama. Mzigo wa Uganda ukifika hapo unahamishwa, ama kwenye reli ya zamani ama kwenye malori. Kila kuhamisha ni winchi, ni foleni, ni karani, ni siku, na kasi yote iliyopatikana kutoka Mombasa inamwagika mahali pamoja.

Kwa hiyo, wakati watu wanabishana kijiweni kama treni ya mchongoko itafika Mwanza saa ngapi, mimi ningependa ijibiwe hadharani: behewa la SGR likifika ukingo wa maji, linafanyaje? Majibu yapo na hayahitaji sumaku. Unaweza kulaza reli ya tatu, ili njia moja ibebe mapana yote mawili; Vietnam wana njia za namna hiyo, za mita moja na milimita 1,435 pamoja. Unaweza kujenga meli ya mabehewa yenye reli tatu sakafuni. Unaweza kuachana na behewa kuingia melini, ukaweka winchi nzito gatini na kuhamisha makontena, mradi winchi ziwe za kutosha na ziwe zinafanya kazi. Mimi ningeanza na reli ya tatu kwenye eneo la bandari na winchi mbili zenye spea zake, kwa kuwa ndivyo vinavyoweza kuanza kusaidia siku vinapowekwa, kama ule mnara wa Sengerema.

Mpwa wangu hajakubali yote. Anasema nimeyahukumu ya kesho kwa bei za leo, na kwamba nyaya zisizo na ukinzani zitakuja kupozwa kwa gharama ndogo. Huenda. Akirudi likizo tumekubaliana kwenda Mwanza Kusini tukiwa na tepu, tukaombe ruhusa ya kupima nafasi iliyopo pembeni ya ile njia ya kuingilia melini, tuone kama sentimita 43 na nusu za kulaza reli ya tatu zinapatikana bila kubomoa ukuta wa gati.